Oak Park kwa Miguu: Nyumba Tatu, Kanisa Moja na Kituo cha Zimamoto

Wageni wengi wa Oak Park, mji mdogo unaopakana na Chicago upande wa magharibi, hufika asubuhi kwa treni, huingia katika nyumba ya msanifu majengo Frank Lloyd Wright, hupiga picha chache katika barabara ya Forest Avenue, kisha hurudi Chicago kabla ya adhuhuri. Safari yangu ya kwanza ilikuwa hivyohivyo, nami nilirudi nikiwa nimeona jengo la ajabu lakini sikuuona mji uliolizaa. Safari ya pili niliitengea siku mbili nzima, nikapanga upya mfuatano wa mahali pa kuzuru, na nikaanza na makumbusho ambayo watalii wachache huyafikiria. Tathmini hii inatokana na safari hiyo ya pili, na jambo ninalotaka kulithibitisha ni kwamba katika mji kama huu nyumba mashuhuri haieleweki mpaka uwe umepita kwanza katika zile zisizo mashuhuri.

Kufika si kazi. Treni ya Green Line hutoka katikati ya Chicago na kupita juu ya reli iliyoinuliwa hadi Oak Park, ambako kuna vituo kadhaa, na mtu akishuka katika kituo cha kwanza upande wa mashariki anaweza kuvuka mji kwa miguu hadi kituo cha mwisho cha Harlem bila kuchoka kupita kiasi. Reli ndiyo iliyoujenga mji wenyewe. Baada ya moto mkubwa ulioteketeza Chicago mwaka 1871, familia nyingi zenye uwezo zilitafuta makazi nje ya jiji, mahali palipo na hewa safi na viwanja vipana, lakini palipo karibu na treni ya kumpeleka baba kazini na kumrudisha jioni. Mtu akilishika hilo, kila nyumba atakayoingia humwia wazi zaidi, kwa kuwa zote ni majibu tofauti kwa swali moja: familia iliyolikimbia jiji lakini inayolitegemea kwa riziki yake inapaswa kuishi vipi?

Ndiyo maana ninapendekeza kuanza na makumbusho ya historia ya Oak Park na River Forest, yaliyo katika Lake Street karibu na mpaka wa mashariki. Jengo lake ni kituo cha zimamoto kilichojengwa mwaka 1898, enzi ya magari ya zimamoto yaliyokokotwa na farasi, na jina lake la zamani ni Kituo cha Zimamoto Namba 2 cha Cicero. Jina hilo peke yake ni somo, kwa sababu Oak Park haikuwa mji wenye mamlaka yake hadi mwaka 1902, ilipojitenga na Cicero na kuanza kujiendesha yenyewe. Makumbusho yalifunguliwa humo mwaka 2017, baada ya chama cha historia cha wenyeji kukaa kwa miaka mingi katika vyumba vya nyumba nyingine ambayo nitaieleza baadaye. Usiyatarajie kuwa makubwa. Thamani yake ni kwamba ndiyo mahali pekee katika mzunguko huu ambapo mji unajieleza wenyewe badala ya kumweleza mtu mmoja aliyewahi kuishi humo, na saa moja pale inatosha kukupa majina, tarehe na ramani utakazozihitaji kwa siku nzima. Niliyapenda pia kwa sababu nyingine: jengo la kazi, lenye milango mipana na kuta za matofali, humkumbusha mgeni kwamba nyumba nzuri za mtaa wa pili zilikuwa na watu waliolala wakiwa tayari kukimbia kuziokoa.

Kutoka hapo tembea kuelekea magharibi hadi makutano ya Chicago Avenue na Forest Avenue, ambako iko Nyumba na Studio ya Frank Lloyd Wright. Hii ndiyo sababu ya watu wengi kuja, na sifa zake si za bure. Wright aliijenga mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 22, kwa mkopo wa dola 5,000 aliopewa na mwajiri wake, msanifu Louis Sullivan. Ukiitazama kutoka barabarani, utaona pembetatu kubwa ya paa iliyoshuka juu ya madirisha, umbo sahili ambalo mtoto angeweza kulichora, lakini ambalo ndani yake kijana yule tayari alikuwa ameanza kuvunja desturi ya nyumba za wakati wake. Vyumba vya chini havikufungiwa kila kimoja peke yake kama masanduku, bali vimefunguana, na katikati yake kuna mahali pa kuotea moto palipojificha kama chumba ndani ya chumba, pakiwa na viti vya kujengewa pande mbili na maneno yaliyochongwa juu yake kuwaasa watu wa nyumba wasimseme vibaya kiumbe yeyote.

Chumba cha kulia kinastahili dakika nyingi kuliko zinazotolewa kwa kawaida. Awali palikuwa jikoni, na Wright alipabadilisha mwaka 1895 familia ilipokua. Viti vina migongo mirefu iliyonyooka, inayopita vichwa vya waliokaa, na vikisogezwa mezani hujenga ukuta wa pili ndani ya kuta za chumba, kiasi kwamba wanaokula wanakuwa kama wamo ndani ya boma lao dogo. Mwanga hauning'inii kwenye waya, bali unachuja kutoka darini kupitia mbao zilizotobolewa kwa nakshi. Mtu aliyezoea milango na masanduku ya Lamu au Unguja, ambako fundi hufanya nakshi ibebe heshima ya nyumba nzima, ataielewa mara moja kazi ya ubao ule, ijapokuwa mafundi hao wawili hawakuwahi kuonana.

Lakini moyo wa nyumba hii uko ghorofani, katika chumba cha michezo ya watoto alichokiongeza mwaka huohuo wa 1895. Wright na mkewe Catherine walikuwa na watoto sita, na chumba hiki alikipima kwa miili yao, si kwa mwili wake. Unapita kwanza katika ujia mwembamba, wenye giza na dari la chini, hata mtu mrefu anatamani kuinama. Kisha ghafla unatokea chini ya dari lililopinda juu kama tumbo la jahazi lililogeuzwa, likiwa na mwanga unaoshuka kutoka juu. Madirisha yamewekwa chini kiasi kwamba mtoto aliyeketi huona nje vizuri kuliko mzazi aliyesimama. Ukutani, juu ya mahali pa moto, kuna mchoro mkubwa wa mvuvi na jini kutoka Alfu Lela Ulela, hadithi ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili waliisikia kwa bibi zao au kuisoma shuleni, na sikuweza kuzuia furaha yangu kuikuta imekaa hapo, ndani ya nyumba ya Marekani ya karne ya kumi na tisa, ikiwa imechorwa kwa mistari iliyonyooka na rangi za udongo. Piano kubwa nayo haikuruhusiwa kula nafasi ya watoto: sehemu yake ya nyuma imepitishwa ukutani na kuning'inizwa juu ya ngazi, ikishikiliwa kwa chuma, na ni ubao wa vitufe tu unaoonekana chumbani.

Studio iliongezwa ubavuni mwaka 1898. Humo ndimo Wright na wenzake walimochora majengo yaliyompa jina, na miongoni mwao alikuwemo Marion Mahony, mmoja wa wanawake wa kwanza nchini humo kupata leseni ya usanifu majengo, ambaye michoro yake iliyafanya majengo ya Wright yavutie kwenye karatasi kabla hayajavutia kwenye ardhi. Chumba cha kuchorea kina roshani iliyoning'inizwa kwa minyororo, na maktaba ina pembe nane. Ningependa jina la Mahony litajwe mapema na kwa sauti katika ziara yoyote ya mahali hapa, kwa kuwa mgeni asiyelisikia huondoka akidhani kwamba mkono mmoja ulifanya kazi ya mikono mingi.

Kuna swali moja ambalo kila nyumba ya makumbusho lazima ilijibu, nalo ni mwaka gani uchaguliwe kuwa ndio mwaka wa nyumba. Wright aliondoka mwaka 1909, akamwacha mkewe na watoto na kwenda Ulaya pamoja na Mamah Borthwick Cheney, mke wa jirani aliyekuwa mteja wake. Baadaye yeye mwenyewe aliigeuza studio kuwa makazi ya familia ili nyumba ipangishwe, na miaka iliyofuata jengo likagawanywa katika vyumba vya wapangaji. Wakarabati walioanza kazi mwaka 1974 na kuimaliza mwaka 1987 waliamua kulirudisha lilivyokuwa mwaka 1909, mwaka wa mwisho wa yeye kuishi na kufanya kazi humo, na kwa hiyo waliondoa hata mabadiliko yaliyofanywa baadaye kwa mkono wake mwenyewe. Ninauheshimu uamuzi huo, kwa sababu bila huo chumba cha kuchorea kisingeonekana tena. Hata hivyo, una gharama yake: nyumba imesimamishwa katika saa ya fahari, na miaka ya Catherine kubaki na watoto ndani ya jengo lililokatwa vipande haina chumba cha kuisimulia. Mzuru anapaswa kuijua miaka hiyo mwenyewe na kuibeba kichwani anaposhuka ngazi.

Kwa mwendo wa dakika kama kumi kuelekea kusini-mashariki, katika Oak Park Avenue, kuna nyumba aliyozaliwa mwandishi Ernest Hemingway tarehe 21 Julai 1899. Ni nyumba iliyojengwa mwaka 1890 kwa mtindo ambao Wright alikuja kuukataa, yenye mnara wa duara, varanda pana na mapambo mengi, na ndiyo maana inafaa kuzuriwa siku hiyohiyo. Miguu ikiwa bado inaikumbuka nyumba ya kwanza, utaona kwa macho yako kile ambacho msanifu yule alikuwa anakipinga, na pia, kwa upande wangu, utaona kwamba walioishi katika kile alichokipinga hawakuwa na maisha ya kusikitisha. Ilikuwa nyumba ya babu mzaa mama, Ernest Hall, aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na jina lake ndilo alilorithi mjukuu. Baba, Clarence, alikuwa daktari aliyependa kuwinda na kuvua. Mama, Grace, alikuwa mwanamuziki na mwalimu wa uimbaji. Vyumba vimepambwa kama vilivyokuwa mwanzoni mwa karne iliyopita, na chumba cha uzazi ghorofani ni kidogo na kitulivu.

Familia iliishi hapo hadi babu alipofariki mwaka 1905, kwa hiyo makumbusho haya yanahusu miaka sita tu ya kwanza ya mtu aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1954. Wapo watakaoona kwamba miaka sita ya mtoto haitoshi kujaza nyumba. Mimi nina maoni tofauti. Nyumba hii inamhusu zaidi Grace kuliko mwanawe, na hapo ndipo ilipo nguvu yake: mwanamke aliyekuwa na kipaji cha jukwaani na mapato yake mwenyewe, aliyeishi chini ya paa la baba yake, akilea watoto waliozaliwa mmoja baada ya mwingine. Ukiitazama kwa jicho hilo, sebule yenye ala za muziki inakuwa chumba muhimu kuliko chumba cha uzazi, na unaanza kuelewa kwa nini, urithi ulipopatikana, alijenga nyumba mpya yenye ukumbi mkubwa wa muziki.

Pleasant Home iko upande wa kusini wa reli, ndani ya bustani ya umma iitwayo Mills Park, na jina lake linatokana na makutano ya barabara mbili, Pleasant na Home, mahali ilipojengwa. Msanifu wake, George W. Maher, aliijenga mwaka 1897 kwa ajili ya John Farson, mwenye benki, na aliijenga kwa kanuni aliyoifuata kwa uaminifu mkubwa: chagua alama chache, kisha zirudie kila mahali mpaka nyumba nzima iimbe wimbo mmoja. Hapa alama hizo ni kichwa cha simba, ua la mtambaazi na umbo la ngao, na ni raha ya kweli, hasa kwa anayezuru na watoto, kuzitafuta kwenye vioo vya rangi, mbao, ngazi na sehemu za kuotea moto. Ni nyumba ya vyumba 30, iliyoinyosha miguu yake kwenye kiwanja kipana, na kwa kuwa iko bustanini haina haja ya kuhemea nafasi kati ya majirani. Baada ya Farson iliingia mikononi mwa familia ya Mills, waliotajirika kwa mashine za kuchezea kamari kwa sarafu, nao wakaiuza kwa mamlaka ya bustani ya mji mwaka 1939. Humu ndimo chama cha historia kilikopanga kabla ya kuhamia kituo cha zimamoto. Mwaka 1996 ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa, lakini bado watu wachache huivuka reli kuifuata, nami nawasihi waivuke.

Kuna nyumba moja ambayo si makumbusho, haina tiketi wala mwongozaji, ni makazi ya watu na haipaswi kubishiwa hodi, lakini bila kuijua habari yake ziara ya Oak Park haijakamilika. Mwaka 1950 mkemia Mwafrika-Mmarekani Percy Julian alinunua nyumba katika mji huu kwa ajili ya familia yake. Alikuwa tayari mwanasayansi mwenye sifa, aliyetengeneza fisostigmini ya kutibu ugonjwa wa macho mwaka 1935 na aliyegundua njia za kutumia mafuta ya soya kutengeneza homoni kwa gharama nafuu. Siku ya sherehe ya Shukrani ya mwaka huo, kabla familia haijahamia, watu walijaribu kuichoma nyumba hiyo. Mwezi Juni mwaka uliofuata baruti ilitupwa na kulipuka nje ya dirisha la chumba walimolala watoto wake. Familia haikuondoka. Majirani wengi walijitokeza kuiunga mkono, na mwaka 1968 mji ulipitisha sheria ya kukataza ubaguzi katika makazi. Julian alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani mwaka 1973, na mojawapo ya shule za kati za mji leo ina jina lake.

Ninaileta habari hii ndani ya tathmini ya makumbusho kwa sababu ndiyo kipimo nilichokitumia kwa nyumba nyingine zote. Viwanja vipana, miti mikubwa na utulivu unaosifiwa katika kila ziara vilikuwa na mlango, na kwa muda mrefu mlango huo haukuwa wazi kwa kila mtu. Makumbusho yanayolisema jambo hilo yanampa mgeni mji mzima. Yanayokaa kimya yanampa samani tu. Katika mojawapo ya ziara zangu niliuliza swali kuhusu watumishi wa ndani waliofanya kazi katika nyumba za aina ile, mahali walipolala na ngazi walizopitia, na nikajibiwa kwa sentensi moja kabla kundi halijapelekwa chumba kingine. Ziara nyingine, mwongozaji wa kujitolea alisimama nami ngazini kwa dakika kadhaa kulijibu swali hilohilo, akinionyesha jinsi ngazi za nyuma zilivyowatenga waliohudumu na waliohudumiwa. Tofauti hiyo haikutokana na fedha wala ukubwa wa jengo, kwa hiyo ushauri wangu ni kuuliza, na kuuliza kwa adabu, kila mahali.

Kwa upande wa maandalizi, nyumba ya Wright huingiwa kwa makundi yenye saa maalumu, na ni busara kununua tiketi kabla ya kusafiri. Makumbusho madogo hayafunguliwi kila siku, hivyo siku ya safari ichaguliwe kwa kufuata ratiba yake na si kwa kufuata ya nyumba kubwa, ambayo huwa rahisi zaidi kupatikana. Nyumba hizi zilijengwa kwa ngazi na ujia mwembamba, na chumba cha michezo ya watoto kiko ghorofani. Asiyeweza kupanda ngazi aulize mapema atakachoweza kukiona. Nyumba nyingine za Wright zilizo katika Forest Avenue, kama ile ya Arthur Heurtley ya mwaka 1902, yenye matofali yaliyopangwa kwa mistari mirefu ya mlalo, zina wenyewe wanaoishi humo, na hutazamwa kutoka njia ya waenda kwa miguu.

Kanisa la Unity Temple, katika Lake Street, niliacha liwe la mwisho, na ndivyo ninavyopendekeza. Kanisa la awali la waumini wake liliungua baada ya kupigwa na radi mwaka 1905, na Wright, aliyekuwa mmoja wao, akawajengea jipya kati ya mwaka 1906 na 1908 kwa zege iliyomiminwa kwenye kalibu, malighafi ya maghala na viwanda, kwa kuwa fedha zilikuwa chache na kiwanja kilikabili barabara yenye kelele. Lilikarabatiwa kwa kina kati ya mwaka 2015 na 2017, na mwaka 2019 likaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na majengo mengine saba ya Wright. Kwa nje ni zito na limefungamana, na mgeni hutafuta mlango asiuone, kwa sababu umewekwa ubavuni, mbali na barabara. Ndani unapita tena katika ujia wa chini wenye giza, na hapo ndipo nilipokumbuka ujia wa chumba cha watoto na kuelewa kwamba wazo lile lilijaribiwa kwanza nyumbani. Kisha unapanda ngazi chache na kutokea katika ukumbi wa mraba wenye roshani pande tatu, watu wakitazamana badala ya kutazama visogo vya wenzao, na juu yao kioo cha rangi ya asali kinachofanya hata siku ya mawingu ionekane ina jua.

Nilikaa pale jioni ya siku ya pili karibu saa nzima. Kelele za magari ya Lake Street hazikufika, ingawa barabara iko upande wa pili wa ukuta, kwa kuwa madirisha yote yamewekwa juu kabisa. Ulipofika wakati wa kufunga niliinuka kutafuta njia niliyoingilia, na mwangalizi akanionyesha milango iliyo kando ya mimbari: Wright hakutaka waumini waondoke kwa kumpa mhubiri mgongo, akaiweka milango ya kutokea mbele, ili kila anayetoka ampite kwa karibu na kumwona uso. Nikapita hapo, nikatokea nje, na treni ilikuwa inavuma juu ya reli mtaa mmoja kutoka pale.